Maji ya Jirani: Somo Kuhusu Nchi Zinazokunywa Mto Mmoja



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyejaalia kila chenye uhai kitokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia maji kwa upande wa twahara: maji yapi yanafaa kutilia udhu, yapi yamebadilika, na tayamamu inaruhusiwa wakati gani. Safari hii tumeona tuongeze mlango mwingine, nao ni haki za watu katika maji. Somo hili tumeliandalia darasa la wakubwa, lakini tunawaomba wazazi nao walisome pamoja na watoto wao, kwa sababu hapa Shishiyu, na Maswa kwa ujumla, hakuna nyumba isiyojua thamani ya ndoo moja ya maji ifikapo mwezi wa tisa.

1. MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 ukapewa jina la mto, Mto Simiyu. Mto huu huanzia upande wa mbuga za Serengeti, hupokea maji ya Mto Duma na vijito vingi, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Masika hufurika na kuleta tope jekundu. Kiangazi sehemu kubwa hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba mashimo mchangani ili wapate maji.

Je, maji hayo yakishafika ziwani safari imekwisha? Hapana. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja nchini Uganda. Hapo ndipo unapotoka Mto Nile. Maji hupita Uganda, huingia Sudan Kusini na kutawanyika katika madimbwi makubwa ya Sudd, ambako karibu nusu yake hupotea kwa mvuke. Yaliyobaki hufika Khartoum, nchini Sudan, yakakutana na Nile ya Buluu inayotoka Ethiopia. Kisha mito hiyo miwili huwa mmoja, hukata jangwa, hupita Misri na kuishia katika Bahari ya Mediterania.

Basi tone linaloanguka katika shamba la pamba huku kwetu na kuingia Mto Simiyu, likisalimika na jua, laweza kufika Cairo. Sisi ni watu wa juu ya mto, na wao ni watu wa chini ya mto. Hata hivyo juu na chini wote tunaujua ukame. Misri karibu haina mvua kabisa, na watu wake zaidi ya milioni 100 wanautegemea mto huo mmoja kwa karibu maji yao yote. Kwetu mvua ipo, lakini huja kwa msimu, na mwaka mwingine hukatika mahindi yakiwa bado machanga.

Hapo ndipo linapozuka swali la somo letu: mto mmoja ukipita kwa majirani wengi, nani ana haki gani?

2. MTUME (S.A.W.) ALIVYOHUKUMU KATI YA WA JUU NA WA CHINI

Swali hili si geni. Imepokewa katika vitabu vya Hadithi kuwa Zubayr bin Awwam (r.a.) aligombana na mtu mmoja katika Ansari huko Madina juu ya mfereji wa kumwagilia mitende. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, na la jirani yake lilikuwa chini. Jirani alitaka maji yaachwe yapite, Zubayr akakataa, wakaenda kwa Mtume (s.a.w.).

Mtume (s.a.w.) kwanza alitoa ushauri wa wema: Zubayr amwagilie kidogo kisha amwachilie jirani yake maji. Yule mtu akakasirika, akadai kuwa hukumu imetolewa hivyo kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Ndipo Mtume (s.a.w.) akampa Zubayr haki yake kamili: amwagilie mpaka maji yafike kwenye kingo za shamba, kisha ayaachilie. Na katika hukumu nyingine, kuhusu bonde la Mahzur huko huko Madina, imepokewa kuwa wa juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, halafu ayapeleke kwa wa chini.

Tuzingatie mambo matatu hapa.

Kwanza, wa juu ana haki. Hakuambiwa akae na kiu mlangoni mwa maji ili wa chini ashibe.

Pili, haki hiyo ina mpaka. Mpaka wenyewe ni kitu kinachoonekana kwa macho, kingo za shamba au vifundo vya miguu, si maneno matupu. Kila mmoja akiangalia anajua kama jirani yake amezidisha.

Tatu, kabla ya haki kamili kulikuwa na njia ya masikilizano, na ile ya masikilizano ilikuwa nafuu zaidi kwa wa chini. Aliyeikataa kwa hasira ndiye aliyepata hasara.

Pia tunajifunza katika kisa cha Nabii Saleh (a.s.) na ngamia wake. Kaumu ya Thamud waliambiwa kuwa maji ni ya zamu, siku ya ngamia na siku yao. Hawakuridhika na zamu, wakamuua ngamia, na mwisho wao unajulikana.

3. MKATABA ULIOANDIKWA BILA SISI KUWEPO

Sasa turudi kwenye Mto Nile. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikitawala Tanganyika, Kenya, Uganda na Sudan, ilibadilishana barua za makubaliano na Misri. Kwa makubaliano hayo, hakuna kazi ya umwagiliaji au ya umeme iliyoweza kufanywa katika mto huo au katika maziwa yake, ikiwa itapunguza maji yaendayo Misri, mpaka Misri ikubali. Wazee wetu wa Usukuma hawakuulizwa, wala hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Mwaka 1959 Misri na Sudan zilifanya mkataba wa pili baina yao. Walikadiria kuwa mto huo huleta wastani wa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa ni za kupotea kwa mvuke. Mwanafunzi ajumlishe mwenyewe: 55.5 na 18.5 na 10 ni 84. Ethiopia, ambako hutoka kiasi cha asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, haikupewa hata tone. Na sisi wa Ziwa Victoria vivyo hivyo.

Tanganyika ilipopata uhuru, serikali yake ilitangaza mwaka 1962 kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi nchi huru. Lakini haikuishia kukataa tu. Ilisema pia kuwa iko tayari kuzungumza na nchi zinazohusika. Hayo mambo mawili yaende pamoja: kuikataa dhulma, na kuuacha mlango wa mazungumzo wazi.

4. KUTOKA KUGOMBANA HADI KUKAA PAMOJA

Kazi ya pamoja ya kwanza ilikuwa ya kupima. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda sana likaleta mafuriko, na watu wengi walitaka kujua sababu. Mwaka 1967 Kenya, Uganda, Tanzania, Misri na Sudan zilianza mradi wa kupima mvua, mito na kina cha maziwa, zikisaidiwa na Umoja wa Mataifa. Huwezi kugawa kitu usichokijua kipimo chake.

Tarehe 22 Februari 1999, mawaziri wa maji wa nchi za bonde walikutana Dar es Salaam wakaanzisha Umoja wa ushirikiano wa Bonde la Nile, wenye makao makuu Entebbe, Uganda. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Nile. Nchi wanachama ni kumi: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia, Kenya, Misri, Rwanda, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda.

Kisha yakafuata majadiliano marefu ya mkataba mpya. Karibu vipengele vyote vilikubaliwa, isipokuwa kimoja. Nchi za juu zilitaka iandikwe kuwa hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka iongezwe kuwa matumizi na haki zilizopo sasa zisiguswe. Maneno ni machache, lakini mwanafunzi aliyeelewa sehemu ya tatu ataona uzito wake: "haki zilizopo" maana yake ni hesabu ile ya 1959.

Tarehe 14 Mei 2010, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba huo huko Entebbe bila ya nyongeza hiyo. Kenya ilifuata siku chache baadaye, na Burundi mwaka 2011. Misri na Sudan zilikataa. Kutia saini peke yake hakukutosha, ilibidi nchi sita ziuridhie. Ethiopia na Rwanda ziliuridhia mwaka 2013, Tanzania 2015, Uganda 2019, Burundi 2023, na Sudan Kusini 2024. Ndipo tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba ukaanza kufanya kazi, miaka 14 tangu saini ya kwanza.

Wakati huo huo Ethiopia ilikuwa ikijenga bwawa lake kubwa la umeme katika Nile ya Buluu. Kazi ilianza mwaka 2011, na bwawa likazinduliwa Septemba 2025, pasipo maafikiano ya mwisho na Misri na Sudan juu ya namna ya kuliendesha. Kwa hiyo mkataba upo, lakini ugomvi haujaisha.

5. BOMBA LA ZIWA NA HAKI YETU

Katikati ya miaka ya 2000 Tanzania ilianza kujenga mradi wa kuchukua maji ya Ziwa Victoria huko Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Kahama na Shinyanga. Misri ilionyesha wasiwasi, lakini serikali yetu iliendelea, na mradi ulizinduliwa mwaka 2009. Wakati huo sisi wa Maswa tulikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga.

Kwa mkoa wetu mpya upo mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ulioidhinishwa mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ukishirikisha pia Benki ya Maendeleo ya Ujerumani na serikali yetu. Nia yake ni kuleta maji ya ziwa kupitia Busega hadi Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Mji wa Maswa kwa miaka mingi umekuwa ukilitegemea bwawa la New Sola, na bwawa huitegemea mvua.

Je, bomba hilo linamdhulumu ndugu yetu wa Misri? Tulipime kwa mizani ya Madina. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoangukia juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa kabisa huondoka kwa mvuke. Yanayotoka Jinja ni machache kuliko hayo ya mvuke, na ya Jinja nayo hupungua nusu huko Sudd. Maji ya kunywa ya mikoa yetu ni kidogo mno mbele ya hesabu hiyo. Hayajafika hata kwenye vifundo vya miguu. Kwa hiyo tuna haki ya kunywa, na hatuna sababu ya kuona haya.

Wapo wanaouliza: watu wa Misri na Sudan wengi wao ni ndugu zetu katika imani, je haifai tunyamaze kwa ajili ya undugu huo? Tunajibu kuwa undugu haufuti haki ya mama wa hapa anayeamka alfajiri kutafuta maji. Zubayr na jirani yake wote wawili walikuwa Waislamu, na bado Mtume (s.a.w.) alihukumu kwa kipimo. Wapo pia wanaosema kinyume chake: mto unatoka kwetu, wa chini watajijua wenyewe. Hilo nalo ni kosa, kwani tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata kama utakuwa dhidi ya nafsi zetu.

Tena tusisahau kuwa sisi wenyewe ni wa chini kwa wengine na tunahitajiana. Kati ya mwaka 2004 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka sana. Ukame ulikuwa sababu moja, na sababu nyingine ni kufunguliwa maji mengi kupita kiasi kwenye mabwawa ya umeme huko Jinja. Mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda likafurika kando zake. Hayo hayatatuliwi na nchi moja. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, iliyotokana na itifaki iliyosainiwa mwaka 2003.

6. WENGINE WALIVYOFANYA

Katika Afrika Magharibi, Mali, Mauritania na Senegal ziliunda umoja wa Mto Senegal mwaka 1972, wakati wa ukame mkali wa Saheli. Guinea ilijiunga mwaka 2006. Nchi hizo zilijenga bwawa la Manantali nchini Mali na la Diama karibu na bahari, na mabwawa hayo ni mali ya pamoja. Bwawa liko katika ardhi ya mmoja, lakini faida na gharama ni za wote.

Oman, nchi ambayo watu wa pwani yetu wana undugu nayo wa karne nyingi, haina mto wa kudumu. Watu wake walichimba mifereji iitwayo aflaj, inayoleta maji ya chini ya ardhi hadi vijijini. Mifereji ipatayo 3,000 bado inatumika, na mitano iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Jambo la kushangaza ni mgao wake: maji hugawanywa kwa muda. Tangu zamani kila mwenye shamba alipata zamu iliyopimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Maji ya kunywa hutangulia, kisha msikiti, kisha mashamba.

Na karibu yetu zaidi, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja kituo cha umeme cha Rusumo, katika Mto Kagera unaoingia Ziwa Victoria. Kina megawati 80, na kila nchi hupata theluthi moja.

7. TUREJEE SHISHIYU

Ndugu wazazi na wanafunzi, ni rahisi kuilaumu Misri kwa mkataba wa 1929. Sasa tujiulize, je, sisi tuliopo juu tunawapelekea nini wa chini? Mto Simiyu unajulikana kwa kubeba udongo mwingi kuingia ziwani. Tukilima mpaka ukingoni, tukakata miti ya kandokando, na tukaosha bomba za kupulizia dawa ya pamba kijitoni, sumu na tope hiyo huishia Ghuba ya Speke. Na ghuba hiyo ndiyo inayopakana na Busega, yaani upande ule ule tunakotarajia bomba letu. Uchafu tunaoutupa kwa jirani utarudi kwetu kwenye glasi.

Sheria ya nchi inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Pia imewapa wananchi chombo chao, yaani jumuiya ya watumia maji, iliyo chini ya usimamizi wa RUWASA iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Jumuiya hiyo ni mkataba wetu mdogo wa Nile. Tuingie ndani yake, tuhudhurie mikutano, tuulize mapato na matumizi.

Tunapendekeza mambo haya manne:

(a) Lambo la ng'ombe litengwe na sehemu ya kuteka maji ya nyumbani. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika, wasiingie majini.

(b) Zamu ya kisimani iandikwe ukutani ili kila mtu aione. Mjane na mzee asiye na mtoto wa kumtuma wasisukumwe nyuma ya foleni.

(c) Ukingo wa kijito uachwe na majani na miti, kama wazee walivyokuwa wakitunza ngitili kwa ajili ya malisho ya kiangazi.

(d) Mwenye kisima uani mwake asimnyime jirani maji yaliyozidi haja yake. Tukumbuke kuwa Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa bure kwa watu wa Madina.

Kipimo cha sisi kuielewa hukumu ya Zubayr hakitaonekana kwenye mtihani. Kitaonekana kwenye foleni ya ndoo, siku ambayo maji ni machache na sisi ndio tuliotangulia kufika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja nchi zinazopitiwa na maji kuanzia Jinja hadi Bahari ya Mediterania.
2. Katika mgao wa 1959, Misri ilipata mara ngapi ya fungu la Sudan?
3. Eleza mambo matatu tuliyoyapata katika hukumu ya Zubayr (r.a.) na jirani yake. Lipi kati ya hayo halimo katika makubaliano ya 1929?
4. Kwa nini kupima maji kulitangulia kugawa maji?
5. Kazi ya nyumbani: Pamoja na mzazi wako, fuata kijito kilicho karibu nanyi mwendo wa nusu saa. Andika kila kitu unachokiona kinachochafua maji, na jina la kitongoji kilicho chini yenu kinachoyanywa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, atuepushe na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, na atufanye majirani wema kwa walio juu yetu na walio chini yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.